Kurudisha Ardhini Gesi Asilia Yenye Naitrojeni Nyingi: Mwongozo Kamili wa Usalama na Gharama

Gesi inayopanda pamoja na mafuta ghafi ina njia nne mbele yake: kuuzwa, kuendesha mitambo ya hapo hapo, kuchomwa kwenye mwenge, au kurudishwa ardhini. Naitrojeni ikizidi, njia ya kwanza hujifunga mapema. Mabomba mengi ya kusafirisha gesi hayapokei gesi zisizoungua zaidi ya asilimia 3 au 4 hivi, na naitrojeni haimpi mnunuzi joto lolote. Kuichoma gesi hiyo nako ni hasara juu ya hasara. Methani inayoponyoka bila kuungua, ukiipima kwa kipindi cha miaka 20, hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Kwa hiyo kuirudisha chini ni wazo zuri, na mimi nalitetea.

Ninachokipinga ni mipango inayoandikwa kana kwamba gesi ikishashuka imezikwa. Haijazikwa. Naitrojeni haiungui kwenye injini zako, haiuziki, na haiyeyuki kwa wingi ndani ya mafuta. Inazunguka. Kila mzunguko inarudi juu ikiwa na sehemu kubwa zaidi ya mchanganyiko kuliko mara ya kwanza. Ndiyo sababu kila hesabu iliyo hapa chini, ya joto, presha, fedha na usalama wa watu, ifanywe mara mbili: kwa gesi uliyonayo leo, na kwa gesi utakayokuwa nayo miaka mitano au kumi ijayo.

Ulimwengu una mfano mkubwa wa jambo hili. Katika uwanja wa Cantarell, baharini upande wa Campeche nchini Meksiko, kuanzia mwaka 2000 naitrojeni iliyotenganishwa na hewa ilishindiliwa ardhini kwa kiwango cha futi za ujazo bilioni 1.2 kwa siku, ili kushikilia presha ya mwamba unaobeba mafuta. Uzalishaji ulipanda ukapita mapipa milioni 2 kwa siku mnamo 2003 na 2004, kisha ukaporomoka kwa kasi. Kofia ya gesi, yaani gesi iliyokaa juu ya mafuta ndani ya mwamba, iliposhuka na kufika kwenye visima, naitrojeni ilipanda nayo, na gesi nyingi iliyochanganyika hivyo ikaishia kuchomwa hewani kwa sababu haikuwa na soko. Mafuta yalipatikana kweli, na bili ya naitrojeni nayo ilikuja baadaye.

Hatua ya 1: Ijue gesi yako kabla ya kuchora chochote

Chukua sampuli kwenye kitenganishi, yaani chombo kinachotenga gesi, mafuta na maji, si kwenye tangi, tena zaidi ya mara moja na katika siku tofauti. Jambo la kwanza la kutazama kwenye karatasi ya maabara ni oksijeni. Gesi iliyotoka ndani ya mwamba kwa kawaida haina oksijeni. Ukiiona, ama hewa imeingia kwenye silinda ya sampuli, ama kuna mahali mtambo wako unavuta hewa.

Hesabu yake ni rahisi. Katika hewa, kila sehemu moja ya oksijeni inakuja na sehemu 3.73 za naitrojeni. Tuseme karatasi inaonyesha naitrojeni asilimia 30 na oksijeni asilimia 1.5. Hewa peke yake imeleta naitrojeni ya asilimia 5.6. Ukiiondoa hewa yote na kupiga hesabu upya, naitrojeni halisi ya kisimani ni karibu asilimia 26. Tofauti hiyo inatosha kubadilisha uamuzi wa kununua mtambo. Ila tahadhari: oksijeni huliwa na kutu ndani ya mabomba, kwa hiyo kutoonekana kwake hakuthibitishi kwamba hewa haikuwahi kuingia.

Oksijeni ikiwa ya kweli, simamisha kila kitu mpaka uipate inakotokea. Mara nyingi ni kwenye mitambo inayonyonya mvuke wa matangi, ambako presha hushuka chini ya ile ya hewa ya nje na kifuniko kisichokaa sawasawa kinakuwa mlango. Usishindilie gesi ya namna hiyo. Italeta kutu, na ndani ya kompresa yenye joto na oili inaweza kuleta mlipuko.

Baada ya oksijeni, tazama haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu, na hapa presha inadanganya watu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15156 kinahesabu hatari ya chuma kupasuka kwa kuangalia presha ya gesi hiyo peke yake ndani ya mchanganyiko, na mpaka wa kuanza kuchagua vyuma maalumu ni kilopaskali 0.3 (kilopaskali 100 ni bar moja, karibu sawa na presha ya hewa ya kawaida). Kwenye kitenganishi cha bar 4, kiasi cha sehemu 100 kwa milioni kinapita chini ya mpaka huo. Ukiishindilia gesi ileile hadi bar 324, mpaka unavukwa kwa sehemu 10 tu kwa milioni. Bomba lililofaa upande wa kuingilia kompresa laweza kuwa halifai kabisa upande wa kutokea.

Maji yashughulikiwe mapema kwa mtambo wa glaikoli, kimiminika kinachofyonza maji kutoka kwenye gesi. Methani na maji kwenye presha kubwa hutengeneza haidreti, barafu ngumu inayoziba bomba hata joto likiwa nyuzi 20 za Selsiasi. Naitrojeni inapunguza tabia hiyo kidogo tu.

Hatua ya 2: Uliza mwamba unataka nini

Kuna makusudi mawili tofauti, na watu huyachanganya. La kwanza ni kushikilia presha: gesi inajaza nafasi iliyoachwa na mafuta. La pili ni gesi kuchanganyika na mafuta hadi yawe kitu kimoja kinachotiririka. Kwa lengo la pili naitrojeni ni mkaidi. Inahitaji presha kubwa mno, hivyo kwa kawaida inafaa miamba yenye kina cha zaidi ya mita 1,800 na mafuta mepesi ya zaidi ya nyuzi 35 za API, kipimo ambacho namba ikipanda mafuta ni mepesi zaidi. Uwanja wa Jay, huko Florida, ulifaa: mwamba wake uko kina kirefu, mafuta yake ni mepesi, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 naitrojeni ilishindiliwa humo kwa kupokezana na maji. Kama mwamba wako ni wa kina kifupi na mafuta ni mazito, usimwahidi mtu yeyote mafuta ya ziada kwa sababu ya kuchanganyika. Ahidi kushikilia presha, basi.

Kiasi cha kushindilia kinatokana na nafasi. Chukua mwamba wenye presha ya bar 270 na joto la nyuzi 90. Mita moja ya ujazo ya nafasi ndani yake inajazwa na takriban mita za ujazo 210 za gesi ukiipima juu ya ardhi. Kwa hiyo mita za ujazo 300,000 kwa siku, ambazo ndizo mfano wetu, zinajaza nafasi ya mita za ujazo 1,400 hivi. Kama visima vyako vinatoa zaidi ya hapo, ukijumlisha mafuta, maji na gesi kwa ujazo wa chini ardhini, presha itaendelea kushuka, na ni afadhali menejimenti ilisikie hilo sasa kuliko baada ya kusaini mkataba. Naitrojeni ina faida ndogo hapa. Kwenye presha kubwa hivyo haibanwi kwa urahisi kama methani, kwa hiyo kiasi kilekile kinajaza nafasi kubwa kidogo zaidi.

Usiweke kisima cha kushindilia karibu na visima vya kuzalisha kwa sababu tu bomba litakuwa fupi. Katika mwamba wenye nyufa gesi inapita kwenye ufa kama maji kwenye mtaro, na miezi michache tu inatosha kurudi juu. Kabla ya kuanza kwa nguvu, weka gesi ya kufuatilia, uone inatokea kisima kipi na baada ya muda gani.

Hatua ya 3: Kompresa, mahali pesa na joto vinapokutana

Hapa nitakaa kidogo, maana makosa mengi ya miradi hii yanazaliwa hapa.

Gesi ikibanwa hupata joto, na naitrojeni hupata joto zaidi kuliko methani. Tuseme gesi inaingia silinda ya kompresa ikiwa na nyuzi 40, na silinda inapandisha presha mara tatu. Methani tupu inatoka na karibu nyuzi 131. Mchanganyiko wenye naitrojeni asilimia 40 unatoka na karibu nyuzi 140. Ukifika asilimia 70, nyuzi 147. Naitrojeni tupu, nyuzi 155. Kiwango cha API 618 cha kompresa za pistoni (API hapa ni Taasisi ya Petroli ya Marekani) kinaweka mpaka wa nyuzi 150, kwa sababu joto likizidi hapo oili huanza kuungua na kuacha masizi, vali hukwama, na pete za pistoni huisha haraka.

Sasa weka maisha halisi ndani ya hesabu hiyo. Kipoza cha kati, kinachopoza gesi kabla ya silinda inayofuata, kimejaa vumbi, gesi inaingia na nyuzi 50 badala ya 40. Ile gesi ya asilimia 70 sasa inatoka na nyuzi 160. Hakuna aliyebadilisha mtambo wala kugusa swichi. Fundi wa zamu anaona geji imepanda, anasema "ni jua tu", na mtambo unaendelea. Kwa hiyo swichi ya kuzima kwa joto iwekwe kwenye kila silinda, na fundi wa zamu asiwe na ruhusa ya kuizunguka.

Ushauri wangu ni huu: panga kila daraja la kubana, yaani kila hatua ya kupandisha presha, lisizidi uwiano wa 3, hata kama muuzaji anakuhakikishia kwamba 3.5 inawezekana. Kwa 3.5 gesi ya asilimia 40 inatoka na nyuzi 156. Muuzaji amepiga hesabu kwa gesi uliyompa kwenye karatasi. Mpe pia karatasi ya gesi ya baadaye, na umwambie asaini zote mbili.

Tuje kwenye nguvu. Mita 300,000 kwa siku, naitrojeni asilimia 40, kutoka bar 4 hadi bar 324: hayo ni madaraja manne ya mara tatu tatu. Kila daraja linakula takriban kilowati 600 ukichukua ufanisi wa asilimia 80, kwa hiyo jumla ni megawati 2.4. Kabla ya kuagiza mtambo wa ukubwa huo, rudi kwenye kitenganishi uulize kama kinaweza kufanya kazi kwa bar 12 badala ya 4. Kikiweza, daraja la kwanza lote linaondoka: madaraja matatu, megawati 1.8. Robo ya nguvu imeokolewa kwa kubadilisha namba kwenye vali. Haiwezekani kila mahali, kwa sababu visima vyenye presha ndogo vitakataa, lakini nimeona swali hili likirukwa mara nyingi mno kuliko linavyostahili. Kama ni visima vichache tu vinavyohitaji bar 4, vipe kompresa ndogo yao, vingine viende moja kwa moja kwenye bar 12.

Kisha mafuta ya injini. Injini yenye ufanisi wa asilimia 35, ikiendeshwa kwa gesi hiyohiyo ya asilimia 40, itameza karibu mita 29,000 kwa siku, yaani moja ya kumi ya gesi yako. Kama gesi ingekuwa methani tupu, mita 17,000 zingetosha. Naitrojeni ikifika asilimia 70 injini itahitaji karibu mita 59,000, moja ya tano, na hapo injini nyingi za gesi zitakuwa zimeshapoteza nguvu au zimegoma kabisa. Andaa mapema chanzo kingine cha nishati: umeme, au kisima kimoja chenye gesi safi kitakachotengwa kwa kazi hiyo tu.

Vitu vingine vya kompresa nitavitaja kwa ufupi kwa sababu watu wa mitambo wanavijua: chombo cha kunasa matone kabla ya kila daraja, vali ya usalama kila baada ya daraja, vali ya kuzuia gesi kurudi nyuma kwenye bomba la kwenda kisimani, na uchunguzi wa mtikisiko kwenye mabomba madogo ya geji. Haya ya mwisho hupasuka mara nyingi kuliko mabomba makubwa.

Hatua ya 4: Kisima, na uzito wa gesi yenyewe

Fanya jaribio la kupandisha kiwango cha kushindilia hatua kwa hatua mpaka uone presha ambayo mwamba unaanza kupasuka. Halafu jiwekee dari ya asilimia 90 ya presha hiyo, ukipimia chini ya kisima. Tuseme mwamba ulio mita 2,500 unapasuka kwa bar 400. Dari ni bar 360.

Lakini geji yako iko juu. Gesi iliyojaa kisimani ina uzito wake, na uzito huo unajiongeza kwenye presha ya chini. Methani tupu ndani ya kisima hicho inaongeza takriban bar 44, hivyo geji ya juu isizidi bar 316. Gesi yenye naitrojeni asilimia 40 ni nzito zaidi, inaongeza takriban bar 52. Dari ya juu inashuka hadi bar 308. Naitrojeni ikiongezeka, dari inaendelea kushuka. Presha iliyokuwa salama mwaka wa kwanza inaweza kupasua mwamba mwaka wa sita bila mtu kugusa chochote. Na kumbuka kompresa ya mfano wetu inaweza kufika bar 324. Kwa hiyo swichi ya kuzima kwa presha iwekwe chini ya dari, na hesabu ya dari irudiwe kila uchambuzi wa gesi unapobadilika. Andika tarehe ya hesabu kwenye kibao cha kisima, mahali fundi anapoiona.

Kisima chenyewe kiwe na kuta mbili. Gesi ishuke ndani ya tyubingi (bomba la ndani) peke yake, kuwe na kizibo chini kati ya tyubingi na kesingi (bomba la nje linaloshikilia kuta za kisima), na ile nafasi iliyo katikati ijazwe maji yenye dawa ya kuzuia kutu. Presha ya nafasi hiyo isomwe kila siku. Ikipanda na gesi ikaonekana humo, ukuta wa kwanza umetoboka na umebaki mmoja. Funga kisima siku hiyohiyo. Huko Aliso Canyon, California, mwezi Oktoba 2015, kisima cha kuhifadhia gesi kilikuwa kikipitisha gesi hata kwenye kesingi, na kesingi hiyo ilikuwa imeliwa na kutu. Ilipasuka. Karibu tani 100,000 za methani zilitoka hadi Februari 2016, na maelfu ya familia wakahamishwa.

Hatua ya 5: Watu

Gesi ya kawaida inatisha kwa moto. Gesi yenye naitrojeni nyingi inabakia na hatari hiyo, maana hata ikiwa na naitrojeni asilimia 70 bado inaweza kuwaka ikichanganyika na hewa. Juu ya hapo inaongeza hatari ya pili isiyo na harufu, rangi wala sauti: kukosa pumzi. Mwili wa binadamu hauhisi kwa urahisi upungufu wa oksijeni. Unachohisi ukibana pumzi ni kaboni dayoksaidi inayojaa damuni. Ukivuta naitrojeni, kaboni dayoksaidi inatoka kama kawaida na wewe unajiona mzima, kisha unaanguka. Oksijeni ikishuka hadi kati ya asilimia 4 na 6, mtu anazimia ndani ya sekunde 40 hivi. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilihesabu ajali 85 za naitrojeni nchini humo kati ya 1992 na 2002. Watu 80 walikufa, 50 waliumia. Soma namba hizo tena: waliokufa ni wengi kuliko waliojeruhiwa.

Sasa tazama kifaa kilichoning'inia kifuani mwa fundi. Vigunduzi vingi vya gesi inayowaka hufanya kazi kwa kuiunguza gesi kidogo kwenye ushanga wenye joto ndani ya kifaa. Kuunguza kunahitaji oksijeni. Fundi akiingiza kifaa hicho ndani ya chombo kilichojaa naitrojeni na methani, kinaweza kuonyesha namba ndogo au sifuri, kwa sababu hakuna hewa ya kuunguzia. Anasoma sifuri, anaingiza kichwa. Hii ndiyo sababu kanuni ya kwanza ya kazi hizi ni kusoma oksijeni kwanza, halafu gesi inayowaka, halafu gesi ya sumu. Oksijeni iwe kati ya asilimia 19.5 na 23.5. Ikiwa chini, usiamini namba nyingine yoyote ya kifaa hicho. Kwa vipimo vya kudumu ukutani chagua vya mwanga wa infraredi, ambavyo havihitaji oksijeni, na kila kimoja kiwe na kipimo cha oksijeni pembeni yake, kwa kuwa infraredi haiioni naitrojeni.

Viweke wapi? Gesi ya asilimia 40 ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo weka vya juu, chini ya paa la kompresa. Lakini gesi inayotoka kwa kishindo kutoka presha kubwa hupoa sana, na ikipoa hutambaa chini na kujaa kwenye mashimo. Weka vya chini pia, hasa kwenye shimo linalozunguka kichwa cha kisima.

Kazi ya kawaida kabisa, kubadilisha kichujio, iandikwe hivi. Zima na funga kwa kufuli vali mbili mfululizo kila upande, acha kitundu cha kutolea kati yake kikiwa wazi. Toa presha kwenye mwenge. Ondoa methani kwa naitrojeni, kisha ondoa naitrojeni kwa hewa. Hatua hii ya pili ndiyo inayosahaulika. Pima oksijeni kwa bomba refu la kunyonya, juu, katikati na chini. Mtu mmoja asimame nje akiwa na redio na asiwe na kazi nyingine. Mwenzake akianguka, asiingie bila mtungi wa hewa ya kupumulia. Aite. Ni amri ngumu kwa binadamu mwenye moyo, na ndiyo maana lazima ifanyiwe mazoezi mara kwa mara mpaka iingie mwilini.

Kibali cha kazi kisiishie kwenye faili. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pampu iliwashwa wakati vali yake ya usalama ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo na nafasi yake kuzibwa kwa sahani isiyokazwa vya kutosha. Habari ya vali ile haikuwafikia wa zamu ya usiku. Watu 167 walikufa. Kwa hiyo wanaopokezana zamu wasimame mbele ya mtambo pamoja, na kila kibali kilicho wazi kisomwe kwa sauti.

Mwenge wa dharura nao una hesabu yake. Kanuni za Marekani zinataka gesi inayokwenda kwenye mwenge unaosaidiwa kwa mvuke au hewa iwe na angalau megajuli 11.2 kwa mita ya ujazo. Methani ina takriban mara tatu ya hapo. Naitrojeni ikipita theluthi mbili, umefika mpakani: moto unaweza kuzimika na methani ikatoka mbichi. Weka bomba la kuongezea gesi safi na moto mdogo wa kudumu unaojiwasha wenyewe.

Hatua ya 6: Gharama, kwa hesabu inayoweza kutetewa

Usianze na bei ya kompresa. Anza na gharama ya kila mita 1,000 za ujazo zinazofika chini, maana hiyo unaweza kuilinganisha na njia nyingine.

Nishati: kwa madaraja manne ni takriban kilowati-saa 192 kwa kila mita 1,000; kwa matatu ni 144. Zidisha kwa bei yako ya umeme. Kama unatumia gesi yako mwenyewe usiiandike bure, iandikie thamani ya matumizi mengine ambayo ingeweza kufanya.

Mtaji: kwa riba ya asilimia 10 na miaka 15, kila fungu la 100 ulilowekeza linakugharimu 13.1 kwa mwaka. Jumlisha kompresa, mtambo wa kukausha, mabomba, na ukarabati wa visima. Hiki cha mwisho ndicho kinachopunjwa zaidi kwenye bajeti, hasa visima vya zamani vya kuzalisha vinapogeuzwa kuwa vya kushindilia.

Muda wa kufanya kazi: mtambo ukiwa kazini asilimia 92 ya mwaka, mfano wetu unashindilia karibu mita milioni 100. Ukishuka hadi asilimia 80, zinakuwa milioni 88, na gharama ya mtaji kwa kila mita inapanda kwa asilimia 15. Ndiyo maana kompresa mbili za nusu ukubwa mara nyingi zinashinda moja kubwa, japo zinagharimu zaidi siku ya kununua. Moja ikisimama, nusu ya gesi bado inashuka na mwenge haubebi mzigo wote.

Kisha linganisha. Mtambo wa kutenga naitrojeni kwa baridi kali hutumia ukweli kwamba methani huchemka kwa nyuzi 161 chini ya sifuri na naitrojeni kwa 196 chini ya sifuri. Unafaa gesi nyingi na bomba la kuuzia likiwa karibu. Kwa gesi kidogo ipo mitambo ya kunasa kwa presha inayopanda na kushuka, na ya utando. Kama una mtambo wa namna hii na soko, kurudisha gesi yote chini huenda ni kosa: uza methani, rudisha naitrojeni peke yake. Kama huna soko, weka upande mwingine wa mizani mafuta ya ziada yatakayotoka, na faini au kodi ya kuchoma gesi inayotozwa unakofanyia kazi.

Mwisho ongeza mstari mmoja ambao siuoni kwenye mipango mingi: gharama ya kurudi kwa naitrojeni. Andika kila mwaka naitrojeni itakuwa asilimia ngapi, injini zitakula gesi kiasi gani, na ni gesi gani iliyokuwa ikiuzika leo ambayo haitauzika tena. Mradi ukibaki na faida baada ya mstari huo, ni mradi wa kweli.

Hatua ya 7: Anza polepole, na ujue lini utasimama

Wiki za kwanza shindilia nusu ya kiwango. Soma presha ya juu, presha ya nafasi kati ya tyubingi na kesingi, na joto la kila daraja, kila saa moja. Chukua sampuli ya gesi ya kila kisima cha kuzalisha kabla ya kuanza, ili uwe na namba ya kulinganishia, halafu kila mwezi.

Naitrojeni ikianza kupanda kwenye kisima kimoja huku vingine vimetulia, kuna njia ya mkato ardhini. Punguza kiwango kwenye kisima cha kushindilia kilicho jirani, au peleka gesi kwenye kisima kingine. Ikiendelea kupanda, bana kisima hicho cha kuzalisha. Kikigeuka kutoa gesi nyingi na mafuta machache, kila mita inayopanda inabanwa tena kwa gharama ileile bila kuleta pipa.

Weka kikomo kwenye karatasi kabla ya kuanza, wakati hakuna mtu mwenye haraka: asilimia ya naitrojeni ambayo injini haziwezi kuvuka, joto ambalo silinda haitaruhusiwa kufika, gharama kwa mita 1,000 inayozidi thamani ya mafuta inayoyaleta. Mkuu wa usalama, mhandisi wa mwamba na mhasibu wasaini wote watatu. Siku moja ya namba hizo ikifikiwa, mtambo uzimwe na kikao kifanyike huku ukiwa umezimwa.